Shamba Lililovuka Mto

Nilipozaliwa shamba letu lilikuwa ng'ambo hii,
ng'ambo ya zizi na choo na kaburi la nyanya.
Leo liko ng'ambo ile. Halikutembea.
Nyando ndio uliohama, usiku mmoja wa Aprili,
ukakata kona kama mtoto aliyechelewa shule,
ukatuachia kitanda chake cha zamani:
mchanga, makome, kiatu cha plastiki cha mguu wa kushoto.

Mpimaji alikuja na ramani ya mwaka wa sitini na tisa,
akaikunjua juu ya boneti, akaigandamiza kwa mawe.
"Mpaka," akasema, "ni katikati ya mto."
Baba akamwuliza: mto upi?
Mpimaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Basi nitachora mimi, bila rula.

Anzia juu, Tinderet,
ambako ukungu huamka kabla ya wachuma chai
na maji ni kamba unayoweza kuiruka na gunia begani.
Huko mto una jina jingine, la lugha nyingine,
na hauna habari nasi.
Shuka nao Koru, penye mawe ya chokaa.
Shuka Muhoroni, miwa kulia, miwa kushoto, miwa
mpaka jicho liombe kitu kirefu cha aina nyingine.
Hapo ndipo maji hupata rangi ya chai ya maziwa,
kwani kila mvua ya juu hushuka na robo ekari ya mtu.
Sisi wa chini tunalima udongo wa watu tusiowajua.

Kisha mlima unaishiwa.
Ukuta wa Nandi unabaki kulia,
samawati asubuhi, jioni rangi ya ini,
na mto uliokuwa ukikimbia kama ulioitwa
unafika Kano na kukuta hakuna pa kushukia.
Sinia.
Unazurura. Unapinda kwa kina Rapudo,
unarudi kana kwamba umesahau fimbo,
unapinda tena.
Udongo hapa ni mweusi, wa kufinyangika:
Januari nyufa zake zilimeza ufunguo wa baiskeli yangu,
Mei ulishika gambuti ya baba, na mpaka leo anaidai.

Halafu mpunga wa Ahero, mifereji, yangeyange
wamesimama kama karatasi zilizopeperushwa ofisini.
Halafu mafunjo.
Halafu hakuna mto, kuna maji tu yasiyokumbuka yalitumwa wapi.
Halafu ziwa.

Kiangazi mama huvuka kwa miguu, jembe kichwani,
leso imefungwa juu ya mapaja.
Masika huzunguka darajani,
kilomita tisa, ili afike mahali
anapopaona akiwa jikoni kwake.
Lakini kona mbili chini, mto huohuo
ulimfanyia Magunga kinyume:
nyumba yake kule, mahindi yake huku.
Basi mvua ikianza,
mama hupalilia mahindi ya Magunga,
Magunga hupalilia mtama wa mama.
Hakuna karatasi.
Siku ya mavuno kila mmoja hupaza sauti juu ya maji,
hutaja magunia,
na anayesikia huamua kuamini.
Mwaka juzi upepo ulikula gunia moja.
Wote wawili walicheka, ila Magunga alitangulia kunyamaza.

Ijumaa nilipigilia kijiti ukingoni.
Leo asubuhi kimo majini,
hatua mbili kutoka nchi kavu, kinatetemeka.
Sijamwambia mama.
Kutoka hapo hadi kaburi la nyanya ni hatua arobaini,
nimezihesabu kwa hatua zake, zilizokuwa fupi.
Nyanya hakuwahi kuvuka Nyando maishani mwake.
Alisema ng'ambo ya pili hana alichokisahau.